Haki za Kipando: Maneno Juu ya Gari la Watu Wengi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumbia wanaadamu wanyama wa kuwabebea miili yao na mizigo yao, akawatiishia bahari kwa vyombo, na akawajulisha kuwa huumba na vile ambavyo wao hawavijui. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika neema walizofunguliwa watu wa pwani ni vipando. Wazee wa zamani walikuwa na punda na gari la ng'ombe, na Lamu hata leo ni mji wa punda kwa wembamba wa njia zake. Kisha ikaja motakaa, ikawa ya matajiri na ya serikali. Na sasa mtu wa kadiri, mwenye duka, au mwalimu, au mwenye kazi bandarini, huweza kununua gari lililokwisha tumika Ujapani, likashushwa Mombasa au Dar es Salaam, likasimama mlangoni pake. Na mwenye watoto wengi, ambaye gari dogo la watu watano halimfai kitu, hulitazama lile ambalo kila mtu hulijua kwa kupandia nauli, nalo ni Toyota HiAce, lililoanza kutengenezwa mwaka 1967. Kwa watu wa Kenya ni matatu, na kwa watu wa Tanzania ni daladala. Lakini likitolewa katika biashara likawa la nyumbani, na viti vyake 14 pamoja na cha dereva, huwa kipando cha jamaa nzima.

Gari hili ndilo linalokusudiwa hapa, kwani mambo yake si kama ya gari dogo. Mwenye gari dogo akikosea hukosea juu ya roho tano. Na huyu amejitwika dhima ya roho 14.

Imekuja katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, wakaitoa Bukhari na Muslim, kwamba farasi ni wa watu watatu. Wa kwanza amemfunga kwa ajili ya njia ya Mungu, naye huandikiwa thawabu hata kwa majani anayokula farasi wake na maji anayokunywa. Wa pili amemfuga ili ajitosheleze, asiwe mwenye kuombaomba vipando vya watu, wala hakuisahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo katika shingo ya mnyama na mgongo wake. Na kwa huyu farasi ni stara. Wa tatu amemfuga kwa fakhari na kujionyesha na kuwafanyia uadui Waislamu, na kwake ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni mmoja na majani ni yale yale. Waliotofautiana ni wenyewe.

Basi mtu mwenye mke na watoto tisa na mama mzee na dada mjane, akinunua gari la watu wengi, na ajitazame ni yupi katika hao watatu. Wengi wa watu wa pwani, nia zao zikiwa safi, wamo katika fungu la pili, nalo si fungu dogo. Mama mzee hasukumwi tena mlangoni na kondakta. Mabinti hawabanwi katikati ya wanaume wasiowajua. Mtoto aliyepandwa na homa usiku wa manane hapelekwi hospitali kwa kungoja jirani aamke. Hii ndiyo stara yenyewe. Na Ibn Hibban amepokea kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas kuwa katika mambo manne ya saada ya mtu ni kipando chema, na katika mambo manne ya taabu yake ni kipando kibaya. Basi asijidhanie mtu kuwa amependa dunia kwa kuwatafutia watoto wake mahali pa kukaa.

Na fungu la tatu nalo lina watu wake, na alama zake hazifichiki. Yuko aliye na watoto wawili tu akanunua gari la watu 14 kwa kuwa shemeji yake analo. Yuko anayelisimamisha mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, likaziba njia ya watembea kwa miguu, naye nyumba yake iko hatua mia. Hao wana daftari yao.

Ama mali ya kulinunulia, maneno yake ni mafupi kwa kuwa hukumu yake yajulikana. Chakula, mavazi na makao ya mke na watoto vimetangulia. Na katika mlango wa nafaka vitabu vya fiqihi havikutaja kipando kuwa ni haki ya kudaiwa. Anayepunguza chakula cha nyumbani ili alipie gari ametanguliza lililo la nyuma. Na mkopo wa riba ni riba, likinunuliwa gari au likinunuliwa shamba, wala wingi wa watoto hauufanyi kuwa halali. Tangu mwaka 2008 yako Kenya mabenki yanayofuata sheria ya Kiislamu, ambayo hununua kitu kisha yakamuuzia mtu kwa faida iliyotajwa. Mwenye kwenda huko na ahakikishe kwamba benki imelimiliki gari na kulipokea kwanza, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafii mtu hawezi kuuza alichonunua kabla ya kukipokea, na karatasi kuandikwa jina la Kiarabu juu yake hakugeuzi kilichomo ndani. Zaka nayo haimo katika gari la kutumia, lingawa la thamani gani; imo katika gari lililonunuliwa kwa nia ya kuuzwa, na katika fedha za kodi yake zikitimia nisabu na mwaka.

Sasa lije lililo zito. Imamu Annawawi katika Minhaj, kitabu kisomeshwacho na maulamaa wa Kishafii tangu zamani, amekhitimisha mlango wa nafaka kwa haki ya wanyama. Imempasa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Kisha akataja kuwa kitu kisicho na roho, kama mfereji na nyumba, si wajibu juu ya mwenyewe kukitengeneza. Basi yumkini mtu mwerevu, aliyesoma akaishia hapo, akasema: Gari halina roho, nikilitengeneza ni hisani, na nisipolitengeneza ni mali yangu iliyoharibika, hapana wa kuniuliza.

Maneno haya yangekuwa kweli lau gari lingekaa uwanjani tupu. Likishatiwa watoto tisa na mama mzee, roho zimeingia ndani yake, na hukumu imezifuata roho. Breki inayovuja ni mali ya mtu mpaka aketi mtoto nyuma yake. Akisha kuketi, imekuwa ni haki ya mtoto. Na baba aliyeambiwa na fundi kuwa breki hazifai, akajibu kuwa atatazama mwisho wa mwezi, kisha kesho yake akawapakia watoto kwenda chuoni, huyo hakuakhirisha gharama ya gari. Ameakhirisha nafaka ya wanawe, kwani kuwalinda na maangamizo ni zaidi ya kuwalisha.

Amesimulia Abdalla bin Jaafar, na hadithi iko kwa Abu Daud, kuwa Mtume s.a.w. aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, na humo mlikuwa na ngamia. Ngamia alipomwona Mtume alilia, macho yake yakabubujika machozi. Mtume akamwendea akampangusa nyuma ya masikio hata akanyamaza, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Akaja kijana mmoja, naye akamhadharisha juu ya mnyama yule aliyemilikishwa na Mungu, na akamjulisha kwamba amemshitaki kuwa humtia njaa na kumchosha. Ngamia alikuwa na machozi ya kushitakia. Tairi halina. Tairi hunyamaza kimya mpaka siku ya kupasuka, na siku hiyo mashitaka hayana tena faida.

Na hapa mwenye gari la nyumbani hudanganyika kuliko mwenye gari la nauli. La nauli hutembea kutwa, na tairi lake hulika meno likaonekana. La nyumbani husimama siku nyingi, meno ya tairi yakabaki marefu, mwenyewe akasema bado jipya; na huku mpira umezeeka kwa miaka, kwani mpira hufa kwa umri kama ufavyo kwa mwendo. Ubavuni mwa kila tairi zimeandikwa tarakimu nne: mbili za mwanzo ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa ni 2316, basi tairi hilo lilitoka kiwandani juma la 23 la mwaka 2016. Mtoto wa chuo anayeanza hesabu aweza kuzisoma, na wababa wengi hawajapata kuinama kuzitazama.

Na umbo la gari hili lataka lijulikane. Mashine yake iko chini ya viti vya mbele, na pua yake ni fupi, hata miguu ya dereva na ya aliye ubavuni mwake iko karibu sana na bati la mbele. Likigonga, hakuna mbele yao kitu kirefu cha kupokea pigo. Kwa hiyo anayempakata mtoto kiti cha mbele ili aone njia amemtanguliza katika hatari kabla yake mwenyewe. Kenya imelazimisha mikanda katika magari ya abiria tangu mwaka 2004. Na ni ajabu kuwa mtu hufunga mkanda katika gari la nauli kwa kuogopa askari, na katika gari lake mwenyewe, walimo wanawe, huikata mikanda kwa kuwa inasumbua.

Tena mwaka 2001 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabarani ilitoa onyo juu ya magari ya huko ya watu 15. Ilionekana kuwa gari la namna ile likipakia watu 10 au zaidi, kisha likapata ajali ya peke yake, hupinduka karibu mara tatu kuliko lililopakia wachache. Sababu ni uzito: viti vikijaa, uzito hupanda juu na kurudi nyuma, na dereva akikata usukani ghafula gari huwa jepesi kuanguka. Magari yale si HiAce, lakini uzito ni uzito kila mahali. Na wale hawakuzidisha idadi. Walijaza viti vilivyowekwa na mtengenezaji. Basi itakuwaje kwa aliyezidisha idadi, kisha akafunga juu ya paa magunia ya nazi na magodoro?

Mfano wake ni mtu wa Mombasa mwenye harusi Malindi, mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Watu wa nyumbani mwake, yeye na mkewe na watoto tisa na mama na dada, ni 13, na kiti kimoja ni kitupu. Asubuhi ya safari amekuja shangazi na mabinti zake watatu, wote wamevaa tayari. Kabla hawajaketi amekuja mama mkwe na wajukuu zake watatu wa upande wa pili. Kila mmoja asema: Tutabanana tu, njia si ndefu, watoto watapakatwa. Yule mtu amsongele mkewe, mkewe atazame chini. Kwani kumrudisha mama mkwe mlangoni ni neno litakalosemwa miaka mitatu. Basi asema: Bismillahi, ingieni. Wakaingia watu 21.

Bismillahi hiyo imesomwa mahali isiposomwa. Annawawi ametaja katika mlango wa ijara kwamba mtu akikodi mnyama kwa mzigo wa mia, akambebesha mia na kumi, imemlazimu ujira wa ile ziada. Na mnyama akiangamia kwa sababu hiyo, na mwenyewe hayupo naye, mkodi ana dhamana ya mnyama. Ziada ile ilikuwa ni kumi katika mia, na aliyeangamia ni mnyama. Huyu wa Malindi amezidisha watu saba juu ya 14, yaani nusu ya mzigo wote, na aliowabebesha ni mama yake na wanawe.

Atasema: Niliona haya. Na haya ni katika imani, bila ya shaka. Lakini iliyo katika imani ni ile inayomzuia mtu na maasi, si ile inayomsukuma ndani yake kwa kuogopa ulimi wa mama mkwe. Na likipinduka gari akafa mtu, watu watakuja matangani waseme ni kudra. Kudra ni kweli. Na diya ni kweli, na kafara ya kuua kwa kosa ni kweli: kwa kila nafsi iliyokufa kwa sababu yake, na hali leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Wakifa watatu ni miezi sita. Nani katika wale waliosema tutabanana atakayemsaidia kufunga siku moja?

Je, maana yake ni kufunga mlango wa gari na kumwacha shangazi barazani? Hasha. Abu Said Alkhudri amesimulia, na hadithi imo katika Sahihi ya Muslim, kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume s.a.w., akatokea mtu juu ya kipando chake akawa anatupa macho kuume na kushoto. Mtume akaamrisha kuwa mwenye ziada ya kipando ampe asiye nacho, na mwenye ziada ya chakula ampe asiye nacho, na akaendelea kutaja namna za mali hata masahaba wakadhani kuwa hakuna mmoja wao mwenye haki katika ziada yake. Na ile haki iliyo katika mgongo wa farasi, kwa kuwa madhehebu ya Kishafii hayana zaka ya farasi, wanazuoni wake wameifasiri kwa kumtunza mnyama na kutowanyima wenye haja. Basi kiti kitupu si cha mwenye gari peke yake. Huyo apitaye Ijumaa na watu watatu ndani ya gari la viti 14, akawapita wazee wanne wanaotembea juani kuelekea msikiti ule ule, ana la kuulizwa.

Lakini neno ni ziada. Ziada ya chakula ni kilichobaki baada ya wenye nyumba kushiba, na ziada ya gari ni viti vilivyobaki baada ya kila mmoja wao kuketi katika chake, na mtoto ni mtu mmoja, ana kiti. Yule wa Malindi alikuwa na ziada ya kiti kimoja. Kiti hicho ni cha mama mkwe kwa utu uzima wake, au cha shangazi, na huo ndio wema alioamrishwa. Waliobaki saba hana kiti chao. Lakini ana nauli yao, na nauli ya watu saba kutoka Mombasa hata Malindi si neno kubwa kwa aliyeweza kununua gari. Au wanawe wawili wakubwa wapande basi, wawapishe wageni. Na lililo bora kuliko yote ni kutuma salamu siku tatu kabla, watu wakajua viti ni vingapi na nani atakaa, kuliko kungoja asubuhi kila mtu akaja na mabunda yake.

Na iko neema katika gari la nyumbani ambayo wengi hawaitambui, nayo ni sala. Abiria wa basi ana udhuru wa kuwa hatamu zi mkononi mwa mwengine. Mwenye gari hatamu anazo yeye. Mwendo wa Mombasa na Malindi umepita marhala mbili, ambazo kwa hesabu ya leo ni kilomita 80 na kidogo, basi wenye safari hiyo, wakisha kuuacha mji, wana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Ama anayeishia Kilifi mwendo wake haujafika. Lakini ruhusa ya kukusanya si ruhusa ya kusali faradhi juu ya kiti. Wako wasemao kuwa kibla cha pwani hii ni kaskazini, na njia ya Malindi yaelekea kaskazini, basi gari lenyewe limekabili kibla. Na wakirudi Mombasa watakabili nini? Mwenye uwezo wa kusimamisha gari na kusimama ardhini hana sala ya faradhi kwa kukaa. Na asimamishe mahali palipo na nafasi, nje kabisa ya barabara, na awe na dumu la maji na mkeka nyuma, na awangoje wanawake wamalize udhu wao bila ya kupiga honi.

Kisha kuna kurudi. Harusi za pwani hazilali mapema, na watoto wana chuo na shule Jumatatu, basi baba aliyekesha ukumbini husema ataondoka saa tisa ya usiku, njia iko tupu. Watoto wote wamelala nyuma yake, na aliyekaa ubavuni mwake naye amelala, na hapana wa kumsemeza. Huyo na alale kwanza Malindi, hata jua lipande. Wakikosa chuo siku moja, mwalimu wao atawasamehe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.